Vipimo vya Mgeni

Zamu ya maji jioni ile ilikuwa ya Barafu, si yangu. Lakini alikuwa amekaa kizingitini, amevua viatu, anaonyesha malengelenge yake kwa kila anayepita. Na kwa kuwa tulikuwa watu watano tu mlima mzima, kila mmoja wetu alikuwa ameshayaona mara mbili. Nikachoka. Nikabeba vidumu viwili, nikamwambia mdogo wangu twende, maana ukimngoja Barafu ainuke utakufa na kiu.

Niwaambie kwanza hawa ni akina nani. Barafu ni fundi wa friji, mtu wa utani, hapitishi dakika tano bila kumchokoza mtu. Mwalimu anafundisha jiografia sekondari, ndiye aliyepanga safari, na hawezi kuona jiwe akanyamaza. Nesi anafanya kazi wodi ya wazazi. Maneno machache, mikono mizito. Tulijuana kwenye kundi la simu la watu wanaopenda kutembea milimani. Tukaandikiana miezi miwili, tukataniana weee, na siku tulipoonana uso kwa uso stendi, alfajiri, kila mtu alikuwa na begi lake mgongoni na haya zake machoni. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimewashonea makoti ya mvua, ya kijivu, yote mshono mmoja. Matano. Kumbukeni hiyo hesabu, kwa sababu mimi niliisahau.

Wa tano ni mdogo wangu, Chiriku. Jina linajieleza. Ana miaka ishirini na mbili na hajawahi kumaliza chai ikiwa ya moto, kwa kuongea. Isipokuwa mwaka ule mmoja. Mwaka mzima alilala kitandani kwa ugonjwa wa mapafu, na nyumba yetu ikawa kimya mpaka nikawa nawasha redio nisisikie saa ya ukutani. Alipopona akasema anataka kuona milima. Mama hakutaka hata kusikia. Nilimbembeleza wiki mbili. Mwisho akanishika mkono pale mlangoni.

"Nimekupa mmoja," akaniambia. "Nirudishie huyo huyo mmoja."

Nikacheka, nikamwambia mama acha maneno yako. Lakini nilikuwa nimesikia, na safari nzima nilikuwa namfuata Chiriku kwa macho.

Nchi ile ni nzuri, siwezi kuidanganyia. Siku ya kwanza tulipita bonde lenye maporomoko saba yanayoshuka ukuta mmoja, kila moja na sauti yake. Siku ya pili tulipanda katikati ya nguzo za mawe ndefu kuliko mnara wa simu, na huko juu tukaona ziwa la kijani limekaa ndani ya tundu la mlima. Chiriku alilia alipoliona. Karibu na kibanda cha mawe tulichopanga kulala kulikuwa na korongo, maji yananguruma chini kabisa. Mchana ule Mwalimu alilala kifudifudi ukingoni akadondosha jiwe, tukahesabu mpaka saba ndipo tukasikia likigonga. Barafu akasema hapo ukianguka unapata muda wa kusali na kuaga majirani.

Jambo moja zaidi. Getini, siku ya kwanza, kulikuwa na mama mmoja mlinzi, koti kubwa kuliko yeye, anaandika majina kwenye kitabu. Alipomaliza akatuambia kitu. Ukungu ukishuka, akasema, mwenzako akikuuliza kama kumebaki mbali, mjibu hivi: "Si mbali." Basi. Msijibu kwa neno lingine. Barafu akamuuliza neno lingine gani. Mama yule akamwangalia, akafunga kitabu, akasema huku kwetu tunajibu hivyo. Njia nzima Barafu akawa anaimba si mbali, si mbali, mpaka Nesi akamtishia sindano.

Tulicheka sana. Sasa sikumbuki kilichokuwa kinachekesha.

Maji yalikuwa chini ya kibanda, mteremko wa hatua kama mia tatu. Tuliteka. Tukiwa tunafunga vifuniko, ukungu ukashuka. Haukuja pole pole. Ulishuka wote kwa mkupuo, mweupe, mzito, na sauti ya korongo iliyokuwa upande wa kulia ikawa kila upande. Jua lilikuwa halijazama, lakini mwanga ulikuwa kama wa chumba chenye pazia.

Tukaanza kupanda. Mimi mbele, kidumu mkono wa kulia, napapasa njia kwa miguu. Chiriku nyuma, na kifua chake nakisikia kinafanya kazi. Akawa anabaki nyuma. Hatua zake zikawa mbali kidogo. Zikawa mbali zaidi.

"Dada," akaita, "kumebaki mbali?"

Na mimi, ambaye nilitaka tu apate moyo, nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote siku zote.

"Karibu! Karibu kabisa!"

Ukungu ukanyamaza. Sijui nieleze vipi. Yale maji ya korongo yalinyamaza.

Kisha, hapo hapo pembeni ya sikio langu...

"Asante. Nimekaribia."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu anayevua viatu mlangoni pa watu. Nikageuka, sikuona kitu. Nikasikia harufu ya sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi, halafu ikapita. Baada ya muda Chiriku akatokea chini ya njia, anahema, amekumbatia kidumu. Nikamwambia ana adabu sana siku hizi, anashukuru mpaka njiani. Akaniangalia. Akasema hajasema kitu, hana hata pumzi ya kusemea.

Nikajiambia ni mwangwi, kwa sababu mtu akiogopa huwa hana kazi nyingine ila kujidanganya.

Ndani ya kibanda kulikuwa na joto. Jiko dogo la gesi linaunguruma, tochi imetundikwa msumarini, watu wamekaa kwenye magodoro yao ukutani. Nikachemsha chai. Tulikuwa na vikombe vitano vya bati, nikavijaza, nikavipitisha mkono kwa mkono, Barafu akaanza kusimulia habari ya friji aliyofungua akakuta paka. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe changu.

Hakikuwepo.

Nikaangalia. Barafu ana chake. Mwalimu ana chake. Nesi ana chake. Chiriku ana chake. Na katikati ya Nesi na Chiriku amekaa mtu, koti la kijivu, kofia ya koti imevutwa mpaka machoni, ameshika cha kwangu kwa mikono miwili.

Wala sikushtuka. Ndiyo kinachoniuma mpaka leo. Nilifikiri ni msafiri mwingine aliyefika tukiwa mtoni, mgeni wa Mwalimu. Mwalimu naye, aliniambia baadaye, alimwona akiingia nyuma yetu, akafikiri tumekutana naye kwenye maji. Nesi alidhani ni rafiki wa Barafu. Barafu alidhani ni ndugu yetu, kwa kuwa koti lilikuwa moja. Tulikuwa tumejuana siku mbili tu. Watu waliozoeana wangeuliza, huyu nani? Sisi bado tulikuwa kwenye kuoneana haya, na hakuna aliyetaka kumuuliza mgeni wa mwenzake katoka wapi. Tukamwachia nafasi, tukamwongezea na blanketi.

Chiriku akampata msikilizaji. Akamweleza habari za mapafu. Akamweleza habari za mama. Akamweleza mtaa wetu, geti letu la bluu lililobonyea, chumba changu cha kushonea kilivyo kona ya barabara na benchi lake nje. Mgeni hakuwa na maneno. Aliuliza tu vitu vidogo, kwa sauti ile ya upole.

"Na kwenu mko wangapi?"

"Na mdogo ni nani?"

Chai yake haikuwa inatoa mvuke. Ya wenzake wote ilikuwa inatoa.

Nikawa namwangalia kama ninavyowaangalia watu wote, yaani nguo kwanza. Koti langu kabisa. Kola yangu, mfuko wangu wa pembeni, mshono wangu wa mara mbili begani. Hapo ndipo hesabu iliponirudia. Nilishona matano. Nikakaza macho kwenye ule mshono. Mistari ilikuwepo, myembamba, imenyooka, kila tundu la sindano mahali pake.

Hapakuwa na uzi.

Zipu haikuwa na meno. Ilikuwa umbo la zipu tu. Koti lote lilikuwa limeshikana bila kitu chochote cha kulishikilia.

Nikajisogeza kwa Mwalimu kama nachukua sukari, nikamnong'oneza huyu kaja na nani. Akanijibu, naye kwa kunong'ona, si mmekuja naye nyinyi? Tukatazamana. Nikaona rangi inamtoka usoni. Upande wa pili Nesi alikuwa anatuangalia. Baadaye alisema kwamba alipompa kile kikombe vidole viligusana, na kwa mazoea yake ya kazi akamshika kifundo cha mkono. Akasubiri. Akasubiri tena. Hapakuwa na mapigo.

Mgeni akaweka kikombe chini. Kilikuwa kimejaa.

"Haya," akasema, "mimi niwaage. Nani ananisindikiza?"

Barafu, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa ameinamia malengelenge yake. Mimi nilikuwa kona ya ndani, nyuma ya jiko na mabegi.

Na mdogo wangu, mtoto aliyelelewa na mama yetu, ambaye tangu akiwa na miaka mitano anajua kwamba mgeni haachwi aondoke peke yake, akainuka akajipangusa magoti.

"Twende," akasema. "Nitakufikisha hapo mbele."

Walitoka kabla sijainuka. Niliruka jiko, nikamwaga chai, nikafika mlangoni. Ukungu mtupu. Mwalimu alinishika mkono akasema mtu hatoki, korongo liko huku huku. Nikamwambia aniachie ama nimng'ate. Nilimwambia hivyo hivyo. Nesi alikuwa ameshachukua sufuria na kijiko, amesimama mlangoni anagonga, ngo, ngo, ngo, ili tuweze kurudi kwa kufuata mlio. Barafu akanifuata pekupeku na malengelenge yake, mpaka kwenye rundo la mawe, akabaki pale anapunga tochi. Mtu yeyote akimsema Barafu mbele yangu atanikoma.

Nikaenda kwa kusikiliza. Nyuma yangu ngo, ngo, ngo. Mbele yangu, sauti ya Chiriku, inapiga soga, inacheka. Alikuwa anaongea kama yuko barazani. Chini ya miguu yangu majani yakaisha, yakaanza mawe. Nilijua mawe yale. Mwalimu alilalia tumbo juu yake.

"Na wewe siku moja uje kwangu," ikasema sauti ya mgeni.

"Asante," akasema Chiriku. "Nitakuja."

"Lini?"

Hapo ndipo nilipowaona. Chiriku alikuwa amenipa mgongo. Mgeni alikuwa mbele yake, hatua mbili, amemgeukia, mkono ameunyoosha kama unavyomnyooshea mtoto anayevuka mtaro.

Mchana nilisimama pale. Hatua mbili mbele ya Chiriku hakukuwa na ardhi.

Mdogo wangu akainua mguu.

Nilimkamata kola. Nashukuru ile kola niliishona mara tatu. Nilimvuta, tukaanguka chali wote wawili, na hata pale chini miguu yake ilikuwa bado inatembea. Macho yako wazi, usingizi umejaa ndani. "Dada niache," akawa ananong'ona, "sijamfikisha bado."

Mgeni hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Aliyenikaribisha ni wewe," akaniambia. "Mbona hukunisindikiza?"

Nikambana Chiriku kwa mikono yote miwili.

"Na huyu ameahidi atakuja. Nimemuuliza lini."

Sina dawa, sina kombe la shehe, sijui dua ya kufukuzia kitu kama kile. Najua kushona. Na mtu akibanwa kabisa hutoa alichonacho.

"Hatuji kwa mtu mikono mitupu," nikasema. "Koti lako halina uzi. Mimi ni fundi. Nitakushonea la kweli, na likiwa tayari nitakuletea mwenyewe. Huyu mtoto muache, alikuwa anafuata adabu tu."

Kisha akajiangalia. Akashika ule ukosi wake, akapitisha kidole pale ambapo uzi ungekuwa. Na wallahi niliona haya zikimshika, kama mteja aliyeambiwa sketi imemfumuka nyuma. Akapiga hatua moja, akaja kwenye jiwe.

"Hunipimi?"

Futi yangu ya kupimia haitoki mwilini mwangu, hata mlimani ilikuwa mfukoni. Nikamwambia Chiriku ashike mkanda wangu asiuachie, akaushika hivyo hivyo na usingizi wake. Nikampima mgeni. Ubaridi ulipanda kwenye futi mpaka kwenye viwiko. Bega, kumi na nne na nusu. Kifua, thelathini na moja. Mkono wa kushoto, ishirini na mbili na robo. Hiyo robo ndiyo iliyonivunja. Nimemshonea mdogo wangu tangu sare za darasa la kwanza, na mkono wake wa kushoto umezidi wa kulia kwa robo. Nikapima mkono wa kulia wa mgeni. Ishirini na mbili kamili.

Vyote vilikuwa vipimo vya Chiriku.

"Lini litakuwa tayari?" akauliza.

Na mimi nikamjibu lile jibu ambalo fundi yeyote duniani anamjibu mteja yeyote, lile ambalo limetufanya tutukanwe mitaa yote.

"Jumamosi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Ukungu ukapita kati yetu, na ulipopita hakukuwa na mtu. Maji ya korongo yakaanza tena kunguruma. Nikamburuta mdogo wangu kuufuata mlio wa sufuria.

Chiriku hakumbuki chochote baada ya chai. Tulikubaliana wanne wetu tusimwambie. Tulikaa macho mpaka kulipopambazuka, tukashuka siku hiyo hiyo, hatukugusa njia ya siku ya tatu. Getini nikamwacha Chiriku na wenzake nikamfuata yule mama mlinzi. Nilikuwa na hasira naye. Nikamuuliza kwa nini hakututajia neno lenyewe. Akasema neno hilo hulisema nyumbani kwake tu, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hapa nje hujui nani mwingine analisikia. Wale wa juu hawaingii bila kuitwa, akasema. Wakiitwa wanaingia kama mtu yeyote. Nikamuuliza ni akina nani. Akasema mama yake aliwajua, yeye hataki kuwajua.

"Umempa nini akakuachia?" akauliza.

Nikamwambia, ahadi.

Akaandika kitu kwenye kitabu chake, polepole.

"Basi ifanye iwe ndefu," akasema.

Na nimeifanya iwe ndefu, miezi saba. Jumamosi ya kwanza, jua likizama, nilikuwa nafunga mashine, nikasikia ile harufu ya sanduku. Alikuwa ng'ambo ya barabara, koti la kijivu, watu wanampita bila kumgusa. Hakuvuka. Alisema tu, na nikamsikia kama yuko begani kwangu.

"Tayari?"

"Bado. Nasubiri zipu."

Akaondoka. Jumamosi iliyofuata nikamwambia umeme ulikatika. Iliyofuata, mashine imevunjika sindano. Kitambaa kimekuja rangi siyo. Bitana imepungua nusu mita. Kuna mafundi wanaona aibu kuwazungusha wateja. Mimi nimekuwa bingwa. Nililikata lile koti kweli, maana niliogopa kudanganya kabisa, nikaunganisha mgongo na vifua, nikaliacha bila mikono, bila kola, kwenye rafu ya chini chini ya magunia ya vipande. Kila Jumamosi naamka nikitafuta kisingizio kipya. Kila Jumamosi usiku namshukuru Mungu kwa wiki moja.

Na wiki hizo hazikwenda bure. Chiriku amenawiri. Mashavu yamerudi. Anapanda ngazi bila kusimama. Miezi mitatu iliyopita aliniomba nimfundishe kazi, sasa anakaa mashine ya pili, anaongea na wateja mpaka wanasahau walichofuata. Mama anasema nyumba imejaa tena. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima raha. Kila Chiriku alivyozidi kujaa, yule wa ng'ambo naye bega lake lilikuwa linajaa ndani ya koti.

Leo ni Jumamosi. Nilipeleka sare shule moja upande wa pili wa mji, wakanichelewesha kwa kujaribisha watoto mmoja mmoja. Nilirudi mbio, jua liko ukutani. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, anajizuia kucheka.

"Dada," akasema, "nimekupunguzia kazi."

Nikaona mfuko juu ya meza, umekunjwa vizuri. Pasi bado ilikuwa ya moto.

Akaanza kueleza, na nilikuwa nasikia kama niko chini ya maji. Kwamba kila Jumamosi ananiona nahangaika, sili, nachungulia barabarani. Kwamba ameona aibu kwa niaba yangu, koti moja miezi yote hii. Akalitafuta, akalikuta, akafungua daftari la vipimo. Vikawa vipimo vyake mwenyewe vya zamani, akasema ana bahati gani, akajipimia mwilini, akapanua mbavuni kidogo, akatia mikono, akatia kola, akatia zipu. Limemkaa kama lake. Alilia kidogo alipojiona kwenye kioo, kwa kuwa ni nguo yake ya kwanza kuimaliza peke yake.

"Mteja amepita sasa hivi," akasema. "Nimemwambia liko tayari, akavuka. Hataki kuingia, yuko pale kwenye benchi. Ameniomba nimpelekee mimi, twende naye kidogo."

Kiatu kimoja alikuwa ameshavaa.

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kazi ni safi, na ni safi kweli, mshono umenyooka kuliko wa kwangu. Nikamwambia koti hili nitalipeleka mimi, niliahidi kwa mdomo wangu. Yeye apite mlango wa nyuma, aende nyumbani akamsaidie mama, na asigeuke huku mbele. Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia yule aliyekaa kwenye benchi anipe dakika chache, nakata nyuzi zilizobaki. Akaitika kwa kichwa. Hana haraka.

Ndizo dakika ninazoandikia haya, nyuma ya daftari la vipimo. Nesi, hili nakuachia wewe, ingawa nimewaeleza na wasiotujua; wewe ulimshika mkono, wewe utaamini. Usimwonyeshe Chiriku. Akiuliza, mwambieni nilihama, mwambieni nilipata mume, Barafu atapata uongo mzuri. Lakini asijue kamwe kwamba ni yeye aliyelimaliza koti. Ninaogopa, Nesi. Nyuzi nimeshakata zote, nimezikata mara mbili, na mkono bado unatafuta nyingine.

Alipokuwa anatoka alisimama kwenye mlango wa nyuma, kiatu kingine mkononi, akaniuliza kama nitachelewa. Nikamwambia sitachelewa. Akacheka, akasema mafundi wote waongo, na akaenda.